Oili ya gia boksi ya oto kwenye pikapu ya mtumba: kumwaga na kujaza, kufungua sampo, au mashine?

Ukinunua pikapu ya oto iliyotumika, iwe imetoka bandarini Dar es Salaam au umeichukua kwa mtu wa Geita, suala la oili ya gia boksi halichelewi kujitokeza. Ulizia gereji tatu hapa Mwanza na unaweza kurudi nyumbani na majibu matatu. Fundi wa Nyakato anakwambia usiguse kabisa, ukibadilisha tu gia zitaanza kuteleza. Wa Mabatini anataka kumwaga chini na kujaza, na anasema kazi haimalizi saa moja. Wa tatu amenunua mashine, na kwake njia nyingine zote ni kubahatisha. Nimewasikiliza mafundi wa namna zote tatu, na naona kila mmoja ana ukweli wake, ila kila mmoja anazungumzia gari tofauti.

Gari ninalolizungumzia mimi ni hili: Hilux, Ranger, Navara au D-Max ya oto, haina kitabu cha sevisi, na kazi yake ni kubeba. Alfajiri iko Mwaloni Kirumba inapakia dagaa au samaki kwenye barafu. Inakwenda Sengerema, inakwenda Magu hadi Lamadi, na siku nyingine inaingia mwaloni kabisa, kwenye mchanga. Kwa gari hilo, mara ya kwanza, naegemea upande wa kufungua sampo, lile bakuli la chini ya gia boksi linalokaa oili. Ndiyo njia pekee inayokuonyesha hali ya ndani kabla hujatumia pesa nyingi.

Kwanza soma oili iliyomo

Kwenye oto, oili hailainishi tu. Ndiyo inayopitisha nguvu ya injini ndani ya toki konveta (kiungo kati ya injini na gia boksi), ndiyo inayosukuma pistoni zinazobana sahani za klachi, na ndiyo inayobeba joto kwenda kwenye rejeta. Ikichoka, unaanza kuisikia kwenye mwendo: gari linachelewa kushika, linagonga likibadilisha gia, au mshale wa mizunguko ya injini unapanda na gari liko pale pale.

Kama gia boksi ina stiki ya kupimia, endesha gari mpaka lipate joto, lisimamishe sehemu tambarare, injini ikiwa inaunguruma pitisha gia zote taratibu kisha rudisha P. Chomoa stiki, ifute, irudishe, ichomoe tena, halafu dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Wekundu ulioanza kufifia hauna shida. Kahawia maana yake imezeeka. Nyeusi yenye harufu ya kuungua inakwambia klachi zimeshapata moto na kuacha unga wake humo ndani. Rangi ya waridi iliyochanganyika na maziwa ni maji, nayo nitaizungumzia peke yake. Wekundu wenyewe ni rangi tu iliyotiwa na kiwanda ili uvujaji utambulike kirahisi, kwa hiyo oili nyekundu haina maana kwamba ni oili sahihi.

Pikapu nyingi za miaka ya karibuni hazina stiki. Hapo mwambie fundi alegeze kidogo bolti ya kumwagia na akuchukulie kikombe kimoja cha kutazama.

Halafu endesha. Ukiwa umekanyaga breki, toka N kwenda D, rudi N, nenda R. Hesabu muda kati ya kuingiza gia na kusikia gari limeshika. Likichukua zaidi ya sekunde mbili, kuna jambo. Panda kilima cha Bugando gari likiwa na mzigo wa kawaida, usikilize kama gia zinateleza. Huo ndio mtihani mzuri tulionao mjini, na hauna gharama.

Kumwaga na kujaza

Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Unafungua bolti ya chini, unamwaga kinachotoka, unakipima, unarudisha kiasi kile kile cha oili mpya. Uzuri wake ni kwamba gia boksi haishtuki na vifaa vinavyotakiwa ni vichache. Fundi mwangalifu wa mtaani anaimaliza vizuri.

Tatizo ni kwamba haimwagi yote. Gia boksi ya pikapu huchukua kama lita 8 hadi 12 kwa jumla, lakini ukifungua bolti unapata sehemu tu, mara nyingi lita 3 au 4. Zilizobaki zimekaa ndani ya toki konveta, kwenye valvu bodi (sehemu yenye valvu zinazoelekeza oili) na kwenye mabomba ya kupoza. Chukua gia boksi ya lita 10 inayomwaga lita 4. Mara ya kwanza umeweka asilimia 40 ya oili mpya. Rudia baada ya wiki moja au mbili, unafika asilimia 64. Rudia tena, unafika 78 hivi. Umetumia lita 12 kwa jumla, na bado kidogo ya zamani imo.

Watu wengi hapa humwaga mara moja, wakaridhika, wakaandika kwenye daftari kwamba oili ya gia boksi imebadilishwa. Kwa gari linalotunzwa kila baada ya muda, kumwaga mara moja kunatosha. Kwa gari usilojua lilikotoka, zaidi ya nusu ya kile kilichomo bado ni cha mmiliki aliyepita.

Jambo dogo lenye faida kubwa: kwenye gia boksi isiyo na stiki, legeza kwanza bolti ya kujazia kabla hujafungua ya kumwagia. Ikiwa imeganda na kukataa kufunguka, bora ujue gari likiwa bado na oili yake.

Kufungua sampo

Hapa unamwaga vile vile, lakini unashusha na sampo yenyewe. Kiasi cha oili kinachotoka kinazidi kidogo tu. Tofauti kubwa ni unachokiona.

Ndani ya sampo, chini, kuna sumaku, moja au zaidi. Zikiwa na tope laini la kijivu, hiyo ni kawaida, ni chuma kilicholika taratibu kwa miaka. Ukikuta vipande vinavyong'aa, au chembe unazozisikia ukisugua kati ya vidole, kuna kitu kinasagika. Vipande vyeusi au vya kahawia mfano wa majani ya chai ni malighafi ya klachi. Dakika tano za kutazama sampo zitakwambia mengi kuliko maneno ya aliyekuuzia gari.

Pia hapo ndipo filta ilipo. Nyingine ni ya kubadilisha, nyingine ni chujio la waya ambalo fundi analiosha kwa petroli safi na kulikausha kwa upepo. Usikubali ikaushwe kwa kitambaa cha pamba: uzi mmoja ukibaki kwenye valvu bodi unatosha kuzuia valvu isirudi. Kwenye baadhi ya magari ya Ulaya sampo ni ya plastiki na filta imeungana nayo, kwa hiyo unanunua vyote kwa pamoja, na bei yake utaisikia.

Njia hii ina hatari zake, na zote ziko mikononi mwa fundi. Bolti za sampo ni ndogo na hukazwa kwa nguvu ndogo, mara nyingi kati ya Nm 5 na 12 (niutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Fundi aliyezoea bolti za magurudumu akizikaza kwa mazoea, ataharibu uzi kwenye aluminiamu au atapinda mdomo wa sampo, na uvujaji utaanza hapo. Aende kwa mkato wa msalaba, kidogo kidogo, kwa spana yenye kipimo kama anayo. Gasketi iwe mpya. Kama ni sampo ya kupaka silikoni, ipakwe nyembamba. Ile inayofurika kwa ndani hukatika ikaenda kuziba filta uliyoibadilisha sasa hivi.

Na kazi hii isifanywe pembeni ya barabara upepo ukipuliza vumbi. Tafuta gereji yenye shimo na paa, hata kama ni ya kusubiri zamu.

Mashine

Mashine inaunganishwa kwenye mabomba yanayokwenda kwenye rejeta. Oili ya zamani inatoka upande mmoja, mpya inaingia upande mwingine, mpaka inayotoka iwe safi. Kwa gia boksi ya lita 10, andaa lita 12 hadi 15. Kwa siku moja unapata oili mpya karibu yote, jambo ambalo kumwaga mara tatu hakukupi.

Lakini uliza mashine ni ya namna gani. Iko inayoachia pampu ya gia boksi yenyewe isukume oili, mashine inapokea tu na kurudisha kwa kiasi kile kile. Hiyo haina ubaya. Iko pia inayosukuma kwa presha yake, mara nyingine kinyume na njia ya kawaida ya oili, na hiyo ndiyo inayoweza kung'oa uchafu uliotulia kwa miaka na kuupeleka kwenye valvu. Kwa gari lisilo na historia, siiruhusu. Na mashine haibadilishi filta. Ukipitisha lita 15 za oili ghali kwenye filta iliyoziba, umefanya nusu ya kazi kwa bei ya kazi nzima.

Baadhi ya mafundi wasio na mashine hufungua bomba la kurudi kutoka kwenye rejeta, wakaliweka kwenye ndoo, wakawasha injini huku wakijaza. Inafanya kazi ikiwa kuna mtu wa kuzima injini kila baada ya lita moja au mbili. Akichelewa, pampu inavuta hewa, na gia boksi inayozunguka bila oili huharibika upesi.

Na yule anayesema usiguse?

Tusimdharau. Amewahi kuona gari limebadilishwa oili Jumatatu na Ijumaa halipandi kilima. Maelezo ya mafundi wengi ni haya: klachi zilizolika huacha unga wake kwenye oili, na unga ule unasaidia sahani zilizobaki zishike. Ukiweka oili safi yenye sabuni kali, msaada ule unaondoka na ugonjwa unajitokeza. Oili mpya haikuua gia boksi, iliikuta mahututi. Ila kwa mwenye gari, uchungu ni ule ule, na fundi ndiye anayelaumiwa.

Kwa hiyo ushauri wa kutogusa una mahali pake: gari ambalo tayari linateleza, lenye oili nyeusi inayonuka. Hapo usilipie mashine. Fungua sampo, tazama, mwambie fundi apime kwa skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, kama kuna kodi za hitilafu, halafu uamue kama pesa yako inakwenda kwenye ukarabati wa gia boksi au kwenye boksi nyingine iliyotumika. Kwa gari linalobadilisha gia vizuri, kutogusa ni kusubiri tu liharibike.

Utasikia pia kwamba oili ya magari ya sasa ni ya maisha yote. ZF ya Ujerumani, wanaotengeneza gia boksi za oto kwa viwanda vingi vya magari, wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, na mapema zaidi kwa gari la kazi ngumu. Wao ndio watengenezaji, nami nawaamini.

Oili gani? Hapa ndipo pa kuwa mkali

Ukikosea njia ya kubadilisha, utarekebisha mwezi ujao. Ukikosea oili, unaweza kununua gia boksi. Dukani wengi huita zote haidroliki, wakakutolea chochote chekundu kilichoko rafuni. Usikubali. Nenda na jina la daraja linalotakiwa, kutoka kwenye kitabu cha gari, kwenye maandishi ya stiki yenyewe, au kwa kutumia namba ya chesisi.

Toyota wana Type T-IV na wana WS. Zinafanana kwa macho, lakini WS ni nyepesi zaidi, na Toyota hawaruhusu moja iwekwe badala ya nyingine. Ford Ranger ya umbo lililoanza 2011, ile ya gia sita, inataka Mercon LV, na Mercon V ya zamani haifai humo. Nissan wana Matic D, J na S. Mitsubishi wana SP-III kwa magari yao mengi ya zamani. Gia boksi za CVT, zile za mkanda zisizo na gia za hatua, zina oili zao kabisa, na ATF (oili ya gia boksi ya oto) ya kawaida ikiingia humo mkanda wa chuma unateleza. Hutaikuta CVT kwenye pikapu hizi za kazi, lakini kama nyumbani kuna gari dogo la familia, chupa zisichanganywe stoo.

Dexron, daraja la oili la kampuni ya General Motors (GM), ina hadithi yake. GM walitoa Dexron VI mwaka 2005, na mwisho wa 2006 wakaacha kutoa leseni za Dexron III. Chupa unayoikuta leo imeandikwa Dexron III inasimama kwa neno la aliyeitengeneza tu. Inaweza kuwa nzuri, na kwa Hilux Surf ya miaka ya tisini inafanya kazi, ila nunua ya kampuni yenye jina, kutoka kwa muuzaji mwenye duka la kudumu na risiti.

Kati ya oili halisi ya kiwanda cha gari, oili ya kampuni kubwa ya mafuta inayotaja daraja lako, na ile ya kupimwa kwenye dumu, mimi nachagua hivi. Ya kiwanda, kama inapatikana na muhuri wake haujaguswa, hasa kwa WS na Mercon LV. Ya kampuni kubwa, ikiwa imeandika wazi kwamba inafaa kwa daraja hilo, ni chaguo zuri na mara nyingi ni nafuu. Ya dumu lililo wazi siiweki kwenye gia boksi hata ikiwa bei ni nusu, kwa sababu hakuna wa kuthibitisha ni nini. Oili namba 90 ya gia za manyuali haina kazi yoyote ndani ya oto.

Kama umepanga kumwaga mara tatu, nunua lita zote siku moja, za aina moja. Usianze na hii, umalizie na ile.

Maji kwenye oili

Hii ndiyo hali pekee inayonifanya nibadili msimamo kuhusu mashine. Oili ya waridi yenye maziwa mara nyingi inatokana na kipoza oili kilichomo ndani ya rejeta kupasuka, kulanti ikaingia kwenye gia boksi. Usiendeshe, hata hadi Igoma. Kulanti inaharibu gundi inayoshika malighafi ya klachi. Rejeta ibadilishwe kwanza, kisha oili itolewe yote kadiri inavyowezekana, na kumwaga kidogo kidogo hapo hakutoshi, maana maji yanabaki kwenye toki konveta.

Sisi wa kando ya ziwa tuna njia nyingine ya kuingiza maji. Gari limetoka safari, gia boksi ina joto, linarudi nyuma mpaka majini ili mtumbwi upakuliwe kirahisi. Gia boksi ina kibomba cha kupumulia. Ikigusa maji ya baridi ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta kutoka nje, na kibomba kikiwa chini ya maji kinavuta ziwa. Angalia kibomba chako kinaishia wapi. Kukiongezea mpira hadi juu karibu na injini ni kazi ya dakika chache.

Kupima baada ya kujaza

Gia boksi zisizo na stiki hupimwa injini ikiwaka na oili ikiwa na joto lililotajwa na kiwanda, kwa nyingi kati ya nyuzi 35 na 55 hivi, kwa kutazama oili inavyochuruzika kwenye tundu la kipimo. Mchana wa jua la Mwanza, gari lililotoka barabarani limeshapita joto hilo, na ukipima hapo utaiacha na upungufu, kwa kuwa oili iliyopanuka itamwagika zaidi ya inavyotakiwa. Peleka gari asubuhi, lipoe, na fundi asome joto kwa skana. Fundi asiyejua joto linalotakiwa kwa gari lako atafutiwe mwenzake anayejua.

Lita zilizotoka, na mara ijayo

Oili chafu ikimwagwa kwenye mtaro inaingia mto Mirongo, na Mirongo inaingia ziwani, tunakotoa samaki na maji ya kunywa. Ondoka gerejini ukiwa umeona imewekwa kwenye dumu lenye kifuniko. Wapo wanaoinunua.

Kwa pikapu inayobeba mzigo mzito, kuvuta tela au kujinasua mchangani mara kwa mara, mimi hushauri kumwaga na kujaza mara moja kila kilomita 40,000, na kufungua sampo kila baada ya mara mbili. Joto ndilo linaloiua oili hii: kanuni ya mafundi ni kwamba likizidi nyuzi 80, kila nyongeza ya nyuzi 10 hivi inapunguza umri wake kwa nusu. Mwenye kusafirisha samaki kila siku anaweza kufikiria kipoza oili cha ziada mbele ya rejeta. Kwa gari linalotembea Capri Point hadi Nyegezi bila mzigo, kilomita 80,000 zinatosha. Andika tarehe, kilomita na jina la oili kwenye kipande cha gundi, ukibandike ndani ya boneti.